HALI NA TABIA: MJADALA WA WATAZAMAJI WA TAMTHILIA ZA KIKOREA KATIKA MIGORI NA HOMA BAY

1. Utangulizi

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili amezoea kuitafuta hadhira katika mahali pawili: darasani, ambako vitabu vya mtihani husomwa, na uwanjani, ambako fanani wa jadi husimulia. Hadhira ya tatu imekua bila ya kutazamwa sana. Ni ile inayokaa mbele ya televisheni au simu ya mkononi jioni baada ya kazi, ikafuatilia kisa kirefu kutoka nchi ya mbali, kisha ikabishana juu ya wahusika wake kana kwamba ni majirani wa kijiji kile kile. Katika Migori na Homa Bay, kaunti mbili za kusini mwa Nyanza ambazo kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019 zilikuwa na wakazi 1,116,436 na 1,131,950, tamthilia za Kikorea ni miongoni mwa visa vinavyobishaniwa hivyo.

Ubishi huo aghalabu huchukuliwa kuwa porojo za vijana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni uhakiki, na kwamba una mizani yake. Mizani hiyo hupima jambo moja kuu: tofauti baina ya hali ya mhusika na tabia yake. Maendeleo ya mhusika huulizwa kwa swali la kama ni tabia iliyobadilika au ni hali tu. Na mapenzi nayo huulizwa kwa swali hilo hilo, kama yanamlenga mtu au yanalenga hali yake. Maelezo yatagawanyika sehemu tatu: chanzo cha mizani hiyo katika masimulizi ya jadi ya ziwani, matumizi yake katika kuyapima mapenzi ya kwenye tamthilia, na tatizo la lugha linalojitokeza mapenzi hayo yanapotiwa katika Kiswahili.

2. Tamthilia zenyewe na njia zilizozifikisha

Yafaa kwanza ieleweke kwamba tamthilia ya Kikorea ina umbo lake. Kwa kawaida huwa na mwisho uliopangwa tangu mwanzo. Boys Over Flowers, iliyoonyeshwa Korea ya Kusini mwaka 2009, ina sehemu 25. Crash Landing on You, ya mwaka 2019 hadi 2020, ina sehemu 16. Dae Jang Geum ya mwaka 2003 hadi 2004, ambayo nchi nyingi huijua kwa jina la Jewel in the Palace, ina sehemu 54. Umbo hili lenye kikomo ndilo linaloruhusu mjadala wa maendeleo ya mhusika, kwa maana mtazamaji huweza kuulinganisha mwanzo na mwisho. Mchezo usio na mwisho haumpi nafasi hiyo. Mhusika wake hubadilika leo akarudi kesho alivyokuwa, kwa sababu kisa lazima kiendelee.

Njia zilizozileta ni nyingi: vituo vya televisheni, sahani za santuri zilizouzwa madukani na vibandani, na baada ya mwezi wa Januari 2016, Netflix ilipofunguliwa Kenya, mtandao wa intaneti kwa wale wenye uwezo wa kuulipia. Kuna pia njia ambayo mwanafunzi wa fasihi simulizi hana budi kuitia maanani, nayo ni ile ya msimulizi wa filamu. Huko Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa waasisi wa kazi ya kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Nchini Kenya, DJ Afro amejipatia umaarufu kwa kazi ya namna hiyo, hasa katika filamu za mapigano. Msimulizi huyu hatafsiri maneno peke yake. Humsifu mhusika, humkejeli, humtabiria mabaya, na huieleza nia yake kabla ya tendo. Kwa hiyo mtazamaji aliyekulia katika vibanda vya video amezoea kwamba mhusika ni mtu wa kutolewa hukumu wakati kisa kinaendelea, si baada ya kwisha.

3. Chanzo cha mizani: kisa cha Nyamgondho

Desturi ya kutoa hukumu hiyo haikuletwa na video. Miongoni mwa Waluo, ambao ndio wengi katika sehemu hizi, sigana zilisimuliwa usiku katika siwindhe, nyumba ambamo watoto walilala chini ya uangalizi wa kikongwe aliyeitwa pim. Huko ndiko wasichana walikofundishwa mambo ya unyumba na uchumba, na hadithi ilikuwa chombo cha mafundisho hayo.

Katika visa vya eneo hili hakuna kinachofaa zaidi kwa suala la maendeleo ya mhusika kuliko kile cha Nyamgondho mwana wa Ombare, ambacho huhusishwa na ufuo wa Nyandiwa, huko Gwassi, katika kaunti ya Homa Bay. Mapokeo yake hutofautiana, lakini kiini chake ni kimoja. Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara. Siku moja chombo chake kilinasa, badala ya samaki, mwanamke mzee mwenye kilema cha jicho. Alimchukua nyumbani, na tangu siku hiyo boma likajaa ng'ombe, kondoo na mbuzi. Akaoa wake wengine, akawa mtu wa pombe na majivuno. Usiku mmoja alirudi amelewa, akaona lango limechelewa kufunguliwa, akamtukana yule mwanamke kwa asili yake, kwamba ni kitu kilichookotwa ziwani. Mwanamke akaondoka kurudi majini, na mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho alibaki amesimama ufuoni, ameegemea fimbo yake, akageuka mti.

Swali ambalo kisa hiki huliacha kwa msikilizaji ni hili: je, Nyamgondho alibadilika? Majibu yanayowezekana ni mawili. La kwanza ni kwamba alibadilika, kwa kuwa mvuvi aliyempokea mwanamke asiyetakiwa na mtu hakuwa na kiburi. Mali ndiyo iliyomharibu. Methali ya Kiswahili isemayo maskini akipata matako hulia mbwata inaunga mkono rai hiyo. Jibu la pili ni kwamba hakubadilika hata kidogo. Ufukara ulikuwa umeifunika tabia yake, na mali ikaifunua. Wanaojibu hivi husema kwamba hata siku ya kwanza hakuna ajuaye kama alimpokea mwanamke kwa wema, au kwa vile hakuwa na mwingine.

Tofauti ya majibu haya mawili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Jibu la kwanza linaiona tabia kuwa kitu kinachotengenezwa na hali. La pili linaiona hali kuwa mtihani tu, na tabia kuwa kile kinachotahiniwa. Uhakiki wa shuleni, unaowagawa wahusika kuwa bapa na duara kwa kufuata mgawanyo wa E. M. Forster wa mwaka 1927, hauna njia rahisi ya kuieleza tofauti hii. Kwa jibu la pili Nyamgondho ni bapa, kwa jibu la kwanza ni duara. Lakini kisa ni kile kile. Inadhihirika basi kwamba ubapa na uduara si sifa za mhusika peke yake. Hutegemea pia nadharia ya tabia aliyo nayo msikilizaji.

4. Mizani katika tamthilia: mtoto wa tajiri na binti wa dobi

Boys Over Flowers inamweka mtazamaji mbele ya swali la Nyamgondho kwa upande wa pili wa sarafu. Gu Jun-pyo ni mrithi wa kampuni kubwa. Mwanzoni ni mwonevu anayewatesa wanafunzi wenzake. Geum Jan-di, binti wa familia ya dobi, anathubutu kumpinga, naye kijana anampenda. Sehemu zinazofuata zinamwonyesha akilainika polepole. Je, amebadilika?

Wanaokubali huorodhesha matendo: amejifunza kuomba radhi, amevumilia kukataliwa, amempinga mama yake aliyetaka kumnunua binti yule kwa fedha ili amwache. Wanaokataa hujibu kwamba upole wake unamhusu msichana mmoja tu. Kwa wengine bado ni yule yule. Hoja yao hupata nguvu kuelekea mwisho, kijana anapopata ajali na kumsahau Jan-di. Akiisha kumsahau, ukali wake kwake unarudi. Ikiwa tabia mpya imepotea pamoja na kumbukumbu, basi haikuwa tabia, ilikuwa hali ya kupenda. Kundi la kwanza nalo halikosi jibu: mwisho wa kisa kijana hukaa mbali miaka minne, kisha akarudi kuomba ndoa, na miaka minne si hali ya kupita.

Hoja hizi zote zinapima kwa matendo na kwa muda. Mhusika kutamka kwamba amejuta hakutoshi. Kwa sababu hiyo Dae Jang Geum, ambayo mapenzi yake ni ya chinichini mno, inaweza kupata sifa kwa watazamaji wa makamo ambao huziona tamthilia nyingine kuwa na machozi mengi. Jang-geum anaanza akiwa mtumishi wa jikoni katika kasri la mfalme, anafukuzwa, anajifunza uganga, na anakuwa tabibu wa mfalme. Min Jeong-ho anampenda kwa kumlinda na kuiheshimu kazi yake, wala si kwa maneno. Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Na tamthilia hii huthibitisha methali hiyo kwa kuyaficha mapenzi na kumwachia mtazamaji ayasikie yakikohoa.

5. Zawadi na bei

Katika suala la mapenzi mjadala hupata uzito ambao pengine haupo mahali pengine, na sababu yake ni ziwa. Katika fuo za Homa Bay na Migori, kama katika fuo nyingine za Ziwa Viktoria, kumekuwako uhusiano unaoitwa jaboya. Wavuvi kwa desturi ni wanaume, na wachuuzi wa samaki wengi ni wanawake. Samaki wanapoadimika, mchuuzi hulazimika kuwa na uhusiano wa kimwili na mvuvi ili apate kuuziwa kabla ya wengine. Mambo haya yamekwisha kugharimu maisha. Homa Bay na Migori zimekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa kaunti za Kenya zenye viwango vya juu vya maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na jaboya hutajwa miongoni mwa sababu.

Kwa mtazamaji anayeyajua hayo, tajiri anayemnunulia msichana maskini nguo, kumlipia madeni ya wazazi wake na kumpeleka safari kwa ndege si picha ya ndoto tu. Ni picha inayohitaji kuulizwa maswali. Je, hii ni zawadi au ni bei? Msichana akipokea anadaiwa nini? Akikataa ataendelea kupata riziki? Hapo ndipo kitendo cha Jan-di na watu wake cha kuzikataa fedha za mama wa kijana kinapokuwa kilele cha kisa. Ni uthibitisho kwamba mapenzi hayana bei, hata pale ambapo bei imetajwa na mfuko uko tupu.

Hata hivyo, upande wa pili wa mjadala hausemi kwamba mali na mapenzi ni maadui. Desturi ya mahari, ambayo Waluo huiita nyombo, huanza kwa ayie, malipo anayopewa mama wa binti kuonyesha kwamba amekubali. Mali hapa hupita hadharani, baina ya koo mbili, mbele ya mashahidi, na zamani kupitia kwa jagam, yaani mshenga. Jaboya hupita gizani baina ya watu wawili wasio na nguvu sawa. Tofauti basi haimo katika kuwako au kutokuwako kwa mali. Imo katika uwazi wake na katika uhuru wa mpokeaji wa kusema la. Kuanzia mwaka 2011, katika ufuo wa Nduru, kaunti jirani ya Kisumu, wanawake wachuuzi walipata mashua zao wenyewe ili wajiondoe katika jaboya. Aliye na mashua yake anaweza kupenda au kukataa. Kwa kipimo hicho, maendeleo ya Jan-di yatafutwe katika jambo ambalo uhakiki wa kimapenzi hulipita haraka: kwamba kijana anaporudi kumchumbia, yeye anasomea udaktari. Hali yake imebadilika kwa kazi yake mwenyewe, na jibu lake kwa mchumba linaweza kuaminiwa.

Fasihi ya Kiswahili ya ziwani ilikwisha kuuliza swali la jirani na hili. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na ambayo kwa muda ilikatazwa katika shule za Tanzania, inatokea Ukerewe, katika ziwa lile lile. Wasomaji wake wamebishana miaka mingi kama anguko la Rosa ni la tabia yake au ni la malezi makali ya baba yake, Zakaria. Mjadala wa Migori na Homa Bay ni ndugu wa mjadala huo, ijapokuwa kitabu kimekuwa skrini.

6. Lugha ya mapenzi na mzigo wa mtafsiri

Katika Kikorea, maendeleo ya mapenzi husikika katika sarufi. Lugha hiyo ina usemi wa heshima na usemi wa watu waliozoeana, na miisho ya vitenzi hubadilika kwa kufuata usemi huo. Wapendanao wanapoacha ule wa kwanza na kuingia wa pili, mtazamaji wa Seoul hujua kwamba mpaka umevukwa, hata kama hakuna aliyetamka neno la mapenzi. Kiswahili hakina miisho ya namna hiyo. Tafsiri inayosema “wewe” mwanzo hadi mwisho humnyima mtazamaji ushahidi alioutaka, naye humhukumu mhusika kwamba amependa ghafla.

Mfano ulio wazi zaidi ni neno oppa. Maana yake ya asili ni kaka mkubwa wa mwanamke. Lakini msichana humwita hivyo pia kijana aliyemzidi umri waliyezoeana, na mara nyingi mpenzi wake. Mtafsiri akiandika “kaka”, amesema kweli kwa kamusi na amepotosha kwa maana. Waluo huoa nje ya ukoo, na msichana anayemwita mchumba wake kaka huamsha swali la kama ndoa hiyo inaruhusiwa. La ajabu ni kwamba Wakorea wenyewe waliijua miiko hiyo. Kifungu cha 809 cha Sheria yao ya Kiraia kilikataza ndoa baina ya watu wa jina moja la ukoo wenye asili moja, mpaka Mahakama ya Katiba ilipokiona kinapingana na katiba mwaka 1997, na sheria ikarekebishwa mwaka 2005. Mtazamaji wa Homa Bay anayeshtuka kusikia “kaka” hajakosa ustaarabu wa kuielewa Korea. Ameigusa mila ambayo nchi zote mbili ziliishiriki, na tafsiri ndiyo iliyomwelekeza vibaya.

Dawa ya tatizo hili imo katika hazina ya Kiswahili na ya lugha jirani. Kiswahili hupima ukaribu kwa majina ya kuitana. Kutoka “Bwana Kapteni” hadi jina tupu, kutoka jina hadi “mwenzangu”, kutoka “mwenzangu” hadi “mwandani” kuna ngazi kamili ambayo mtafsiri anaweza kumpandisha mhusika. Dholuo nacho humwita mwanamke kwa mahali alikozaliwa, kama nyar Gwassi, na akiisha kuzaa humwita min fulani. Majina hayo hueleza hali ya mtu katika jamii bila ya maelezo ya ziada. Crash Landing on You, kisa cha mwanamke tajiri wa Kusini anayepeperushwa na tufani hadi Kaskazini akakutana na kapteni wa jeshi, ingepata faida kubwa kwa ngazi kama hiyo, kwa kuwa wapenzi hao hutengwa na mpaka na vilevile na vyeo. Mtazamaji wa Migori ana jambo la kusema juu ya mpaka. Wakuria wanaishi pande zote mbili, Isebania na Sirari, na jamaa huvuka kwenda kuoana na kuzikana. Mpaka usiovukika wa Korea humfanya auone wake kwa macho mapya.

7. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba mabishano ya watazamaji hawa yana istilahi, ijapokuwa haijaandikwa. Neno hali na neno tabia, zawadi na bei, tendo na tamko, yote hufanya kazi ya uhakiki. Istilahi hiyo haina haja ya kuyafukuza maneno bapa na duara katika vitabu vya shule. Inaweza kukaa nayo ubavuni, na mahali pengine ikayasahihisha, kwa kuwa inamdai mhakiki aseme kwa nini anaamini kwamba mtu hubadilika.

Kazi iliyo mbele ya idara za lugha ni mbili. Ya kwanza ni kuyakusanya mabishano haya kwa utaratibu ule ule unaotumiwa kukusanya ngano na methali, katika Kiswahili na katika Dholuo, kabla hayajapotea pamoja na jioni zilizoyazaa. Ya pili ni kuwasaidia watafsiri kwa kuandaa mwongozo wa majina ya kuitana. Wala kazi hizi si za anasa. Msichana wa ufuoni anayebishana na wenzake kama Jan-di alipewa zawadi au alitajiwa bei, huenda kesho asubuhi akasimama mbele ya mashua akiwa na karai tupu mkononi, na swali hilo hilo likamhitaji ajibu yeye.